Gesi ya AC haiishi kama petroli

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu mafundi wa AC za magari hapa Mwanza, na kuhusu sisi wenye magari tunaowadekeza.

Nina Coaster. Siti nilizing'oa, nikabakiza sita za mbele. Nyuma kuna vitanda viwili vya kupandiana, jiko la mtungi mdogo, sinki na tangi la maji la lita 100. Watoto wa mtaani kwetu Buswelu wanaliita konokono, kwa kuwa linatembea na nyumba yake. Nalikodisha kwa familia zinazokwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka, na likikosa mteja natembea nalo mwenyewe. Lina AC mbili: ya injini, iliyokuja nalo kutoka Japani, na nyingine juu ya paa inayotumia umeme wa nyumbani, mtumba wa Afrika Kusini. Kuna jamaa alitaka kuniuzia ya Marekani kwa bei ya kutupa. Ile ni ya volti 120. Ningeichomeka mara moja tu, basi.

Kati ya Juni na Septemba mwaka jana AC ya injini ilijazwa gesi mara tatu, na mafundi watatu tofauti. Wimbo ulikuwa ule ule. Fundi anabonyeza valvu ya kujazia, inalia pss kidogo, anatikisa kichwa: "Mama, gesi imeisha." Nalipa elfu sabini, tunapoa wiki mbili tatu, joto linarudi. Yule wa tatu nilimuuliza, imeisha imekwenda wapi? Akanijibu, "Si unaitumia, mama?"

Siitumii. Petroli inaungua, gesi ya AC inazunguka tu. Kompresa inaikandamiza, kondensa inaitoa joto nje, ikifika kwenye evaporeta ndani ya gari inafyonza joto letu, kisha inarudi kompresa kuanza upya. Njia yote imefungwa. Ikipungua ndani ya wiki tatu, kuna mahali inavuja, na kujaza bila kupatafuta hapo ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka halafu kumtoza mwenye ndoo.

Aliyenitoa gizani ni kijana mdogo tu, alisomea majokofu na viyoyozi VETA. Nilimpa mwangaluka, salamu ya Kisukuma, akaitika, akaomba tochi kabla ya kuomba hela. Alipita bomba moja moja kwa kidole. Penye maungio karibu na kondensa akasimama, akanionyesha: vumbi la sehemu nyingine ukilipuliza linaruka, pale lilikuwa limeganda jeusi, lina mafuta. Gesi hutembea pamoja na mafuta ya kulainisha kompresa, kwa hiyo pale inapovujia huacha alama. Akapaka povu la sabuni, tukaliona linatoa mapovu madogo madogo kama chai inayokaribia kuchemka. Kosa lote lilikuwa oringi, kipete cha mpira kisichozidi ukubwa wa pete yangu ya ndoa, kimekauka na kupasuka.

Alibadilisha oringi, akafunga pampu ya vakyumu ikanguruma nusu saa kutoa hewa na unyevu, akaiacha geji muda aone kama sindano inarudi. Ndipo akajaza gesi kwa mizani, akifuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Wale watatu walijaza kwa kukisia, wakisikiliza ubaridi kwa kiganja. Watu hawajui kwamba gesi ikizidi nayo AC haipozi, na kompresa inaumia.

Na ile pss waliyokuwa wakiiachia hewani si mchezo. Magari mengi yetu yanatumia gesi iitwayo R134a, na kilo moja yake hushika joto angani kuliko kilo 1,000 za hewa ukaa. Mwaka 2016, hapo jirani Kigali, nchi zilikubaliana kupunguza gesi za ukoo huu. Mafundi wa Nyakato, hapa hapa Mwanza, wanaendelea kuziachia chini ya mwembe.

Wala si kila AC isiyopoza inavuja. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limetupunguzia foleni ya kivuko, lakini ukipanga foleni ya kivuko cha Kamanga jaribu hivi: kama AC inapoza ukitembea na inatoa joto ukisimama, tazama feni ya kondensa kwanza, na fyuzi na rilei yake, ile swichi ya umeme inayoiwasha. Gari likitembea upepo unafanya kazi ya feni. Likisimama hakuna wa kuifanya.

Ya juu ya paa ina visa vyake. Oktoba niliwapeleka mawifi zangu watatu kutoka Dar, tukalala kwenye kambi moja kando ya ziwa. Mawifi hawataki kusikia habari ya dirisha. Wakaweka kidude kwenye baridi ya mwisho, wakajifunika mablanketi. Saa nane usiku AC inavuma lakini hewa haitoki, na wifi mkubwa anadondokewa maji usoni. Nikafungua kifuniko: evaporeta imeganda barafu nyeupe, na chujio limekuwa zulia. Vumbi la barabarani, manyoya ya blanketi, na mabawa ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi kisha wanafuata taa. Lilinuka dagaa. Chujio likiziba, hewa haipiti, evaporeta inapoa kupita kiasi, barafu inaota. Nilizima kompresa, nikaacha feni peke yake mpaka barafu ikayeyuka, nikaosha chujio kwenye sinki. Wifi alikaa kitako na taulo kichwani, akinitazama bila neno.

Hao wadudu wanajaza na kondensa kule juu. Ioshe kwa maji ya kawaida ya bomba, taratibu, umeme ukiwa umezimwa. Mimi nilimwachia kijana wa kuoshea magari akaipiga kwa mashine ya presha, mapezi yake, vile vibati vyembamba, yakalala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Nilikaa siku mbili nikiyanyoosha na kisu cha siagi.

Kambi ile ile, asubuhi, AC ikagoma. Inanguruma ngu, inakata tii. Nilikuwa nimevuta umeme kwa ekstensheni nyembamba, ndefu, nusu yake bado imeviringwa. Nikapima kwenye soketi ya gari: volti 187, na inatakiwa 230. Umeme mdogo namna hiyo unaua kompresa, na waya ulioviringwa unapata moto mpaka ganda lake linalainika. Sasa natembea na waya mnene, naukunjua wote, na kipimo nakitanguliza. Usije ukadanganywa na jenereta dogo la wati 950. Kompresa ikitaka kuwaka inalizima papo hapo. Volti zikiwa sawa na bado inanguruma, mwite fundi aangalie kapasita, kile kifaa kinachoisaidia kompresa kuwaka. Yangu ilikuwa imevimba kichwa kama kopo la maziwa lililochacha. Usiishike mwenyewe, hata ukichomoa umeme inabaki na chaji.

Paa nimelipaka rangi nyeupe, na tofauti niliihisi siku ya kwanza. Kivuli cha mwembe ni bora, ila mawe yetu ya Mwanza yasikuhadae: saa kumi yanakupa kivuli, saa mbili usiku yanakurudishia joto la kutwa nzima ukiwa kitandani. Egesha mbali nayo. Mchana fungua upande wa ziwa, upepo unatoka huko. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu. Fungua upande wa vilima, weka wavu wa mbu, uone kama utaihitaji hiyo AC.

Lakini mawifi wanarudi Desemba, na dirisha hawalitaki. Kwa hiyo, Mhariri, kama kati ya Magu na Lamadi kuna fundi mwenye pampu ya vakyumu na mizani, naomba ajitokeze kupitia ukurasa huu. Mwenye mtungi na kiganja tu, ninao watatu tayari.

Mama Konokono,
Buswelu, Mwanza