Barua ya Wazi: Mtu Apande Akague Kipima Upepo Chetu

Kwa Mkuu wa Ukaguzi wa Usalama katika Maeneo ya Ujenzi, Nairobi

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni dereva wa kreni ya mnara kwenye mjengo mmoja huku Kilimani. Mwezi wa pili nilikuandikia kuhusu kipima upepo cha kreni yetu. Mwezi wa tano nilikuja ofisini kwako, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa saba, msaidizi wako akaniahidi kwamba mkaguzi angetumwa ndani ya wiki mbili. Leo naandika hadharani kwa sababu ya yaliyotokea Alhamisi.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua ikinyemelea kutoka upande wa Embakasi. Nilikuwa nainua fomu ya ukuta, yaani lile bamba pana la kumwagia zege. Skrini iliyo mbele yangu ilionyesha upepo wa kilomita 31 kwa saa. Nilisikia mnara ukitikisika chini ya miguu yangu, nikajua hiyo si 31. Kazi hii nimeifanya miaka 11. Lakini msimamizi huamini skrini, haamini miguu yangu. Fomu ikanaswa na upepo kama tanga la jahazi, ikazunguka. Kijana aliyeshika kamba ya kuiongozea akaburutwa hadi karibu na ukingo wa slabu. Aliiachilia kamba zikiwa zimebaki hatua mbili. Amevunjika vidole vitatu. Ana miaka 22, na mzigo ule niliuinua mimi.

Kifaa chetu ni kile cha vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo. Waya ukikatika, skrini husoma sufuri na kila mtu hujua kimeharibika. Chetu hakijafa, na hapo ndipo penye hatari. Vikombe bado vinazunguka, ila kwa uzito. Nadhani beringi zimejaa vumbi la simiti. Huenda pia kilifungwa pabaya, maana upepo ukitoka mashariki, kama unavyotoka siku nyingi hapa Nairobi, vyuma vya kilele cha mnara hukikinga. Kwa vyovyote vile, kinasoma chini.

Na kusoma chini si jambo dogo, Mheshimiwa. Kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu yake ya kusukuma huwa mara nne. Kifaa kikisema 30 na ukweli ni 60, fomu inasukumwa mara nne ya ninavyodhani. Kreni nyingi za mnara husimamishwa kabisa upepo ukifika kilomita 72 kwa saa, na mizigo mipana hutakiwa isimame mapema zaidi. Kengele yetu haijawahi kulia hata mara moja, hata siku ambazo watu wa hali ya hewa wametoa onyo la upepo mkali. Nao hupima mita 10 kutoka ardhini, mahali pa wazi. Mimi huketi juu ya mita 80, katikati ya maghorofa yanayoubana upepo kisha kuuachilia kwa kishindo.

Asubuhi isiyo na ukungu naiona kwa mbali mitambo ya umeme wa upepo kwenye vilima vya Ngong. Mitambo ya aina hiyo hubeba vipima upepo mgongoni, na upepo ukizidi hujizima yenyewe, ilhali hakuna mtu aliyeketi ndani. Mizani ya mwenye duka hukaguliwa na kupigwa muhuri ili mteja asipunjwe gramu chache za sukari. Hiki chetu kilipigwa muhuri na nani?

Mkaguzi wa mwisho alikaa katika ofisi ya mkandarasi, akafungua faili, akatia alama kwamba kipima upepo kipo. Hakupanda. Ngazi ile ni ndefu na inachosha. Mimi huipanda kila siku.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, mwajiri asimrudishe mahali pale kabla ya kuiondoa. Nimeripoti mara tatu. Mara ya tatu niliambiwa vijana wanaotafuta kazi wamejaa getini. Nina watoto wawili shule ya upili na kodi ya nyumba. Nikapanda.

Sikuombi umfunge mtu. Sikuombi hata vifaa vipya, ingawa vipo vinavyopima upepo kwa mawimbi ya sauti, visivyo na kikombe wala beringi ya kuingia vumbi. Nakuomba mtu apande. Aje siku ya upepo na kipimo kilichothibitishwa, akiweke kando ya chetu, alinganishe namba mbili. Haitamchukua saa nzima. Akikuta nimekosea, nitaomba radhi hadharani kama ninavyolalamika hadharani. Lakini apande, Mheshimiwa. Asiishie ofisini.

Jana kijana yule alinipigia simu, akauliza vidole vikipona atarudi kazini lini. Nilishindwa kumjibu. Mtu apande kabla hajarudi.

Wako,
Dereva wa kreni, Kilimani