Bundi naye apewe meza

Mhariri,

Naandika kuhusu maonyesho ya Siku ya Ndege Wahamiaji Duniani, inayoadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Niliyohudhuria hapa Pwani yalijaa mabango ya Kiingereza, na watoto waliyapita mbio wakikimbilia soda.

Meza moja tu iliwanasa: ya madonge anayotema bundi, yaani mabaki ya mifupa na manyoya ya mawindo yake. Mtoto alichambua donge kwa kijiti, akatoa fuvu la panya, akaduwaa. Hapo ndipo alipoambiwa, na akakubali, kuwa ndege huyu hulinda ghala la nyanyake wala haleti mkosi. Msitu wetu wa Arabuko-Sokoke una bundi mdogo asiyefika sentimita 20, aliye hatarini kutoweka.

Waandaaji wapunguze mabango, waongeze meza za kushikashika, na maelezo yawe ya Kiswahili na Kigiriama.

Msomaji,
Kilifi