Mizinga ya nje ya Fort Jesus si ya Mreno

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako. Kuna video inazunguka kwenye simu za watu, vijana wamesimama kando ya mizinga miwili ya nje ya ngome ya Fort Jesus hapa Mombasa, na mmoja anaeleza eti ndo hiyo Mreno alimpigia Mwarabu. Hapana jamani. Mizinga mikubwa ya Mreno ilikuwa ya kushindilia baruti na tufe kupitia mdomoni. Hii miwili ni ya manowari za vita vya 1914, mmoja wa Königsberg ya Mjerumani na mwingine wa Pegasus ya Mwingereza, na hizo meli mbili zilipigana hapa hapa kwetu, bandarini Zanzibar, asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914.

Tazameni nyuma ya ule wa Mjerumani. Kuna chuma kinachoteleza kwa ubavu kama droo, risasi inaingia pamoja na ganda lake la shaba lenye baruti ndani, chuma kinafunga, unapiga, ganda linatoka unatia nyingine, kwahiyo mabaharia waliozoea kazi walikuwa wanapiga zaidi ya mara 10 kwa dakika. Tundu la mtutu ni sentimita 10.5 na urefu wa mtutu ni mara 40 ya hapo, yaani mita 4 na kidogo. Risasi yake ni kilo 17 hivi, mtu mmoja anaibeba mikononi bila mashine yoyote, na bado inafika kilomita 12 kwa sababu kitako cha mzinga kiliruhusu mtutu kuinuka mpaka nyuzi 30. Mzinga wa Pegasus ulikuwa na tundu la milimita 102, wa Königsberg 105, ukiangalia kwa macho unaona ni kitu kimoja, lakini siku ile risasi za Mwingereza zilikuwa zinaangukia majini kabla hazijafika, na meli yenyewe ilikuwa imetia nanga inatengenezwa mashine. Ikazama. Makaburi ya mabaharia wake yapo mpaka leo kwenye kisiwa cha Chapwani.

Baadae Königsberg ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ikakaa humo mikokoni miezi mingi, mpaka Julai 1915 Waingereza walipoleta Severn na Mersey, meli za kupita maji ya kina kifupi zenye mizinga ya inchi 6, ndege ikiwa juu inawaelekeza risasi zinaangukia wapi maana wao wenyewe walikuwa hawaioni shabaha. Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe.

Sasa hapa ndo kwenye jambo langu. Ile mizinga yote 10 ilitolewa kwenye ile meli, ikapelekwa Dar es Salaam ikatengenezwa na kuwekwa magurudumu, ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja ulifika Kigoma ukafungwa kwenye meli ya Goetzen, ambayo ndo Liemba ya Ziwa Tanganyika tunayoijua. Ingekuwa mizinga mikubwa zaidi ingebaki kwenye tope la Rufiji, lakini hii ilikuwa ya kadiri, inavutika. Na nani aliivuta? Mtutu peke yake ni zaidi ya tani moja, njia hakuna, mbung'o wanaua ng'ombe, waliobaki kushika kamba ni mamia ya watu wetu, wengi hawakuulizwa kama wanataka, na wengine hawakurudi makwao. Jina la Looff, nahodha wa Königsberg, linajulikana dunia nzima, la mpagazi hata mmoja aliyevuta ule mzinga mimi sijawahi kulisikia na inaniuma kweli.

Mizinga ya Königsberg inayojulikana kubaki ni mitatu, huu wa Mombasa, wa Jinja kule Uganda na wa Pretoria. Mimi naomba kote huko kuwe na maneno ya Kiswahili yanayosomeka, yaseme mzinga ulikuwa wa meli gani, ulifanyaje kazi, na nani aliuvuta porini. Walimu wanaoleta watoto Fort Jesus wawasimamishe pale kabla ya kuingia getini. Na wewe mhariri, tangaza gazetini kwamba familia yoyote ya Rufiji, Kilwa, Lindi, Masasi au popote pale yenye hadithi ya babu aliyevutishwa mizinga ya Mjerumani ituandikie na jina lake lichapishwe, maana wazee waliowasikia hao mababu kwa masikio yao wamebaki wachache sana.

Msomaji wako,
Mombasa