Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa: manamba nao walikuwa na ukoo

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: DAFTARI ZA VIBARUA WA MKONGE NA WATOTO WANAOZITAFUTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza masjala, kwa hiyo najua barua ndefu hufanywaje mezani kwa mkubwa. Ombi langu naliweka mwanzoni: naomba idara yako izitafute daftari na mikataba ya vibarua wa mashamba ya mkonge, izichukue, izitengenezee orodha ya majina, na iwaruhusu watoto na wajukuu wa vibarua hao wazisome. Mchwa hawasubiri bajeti.

Marehemu baba yangu alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Alitoka Heru, Kasulu, katika enzi za Mwami (yaani chifu wa Waha) Theresa Ntare, akaandikishwa na SILABU, ofisi iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944 kwa kazi moja tu, kuwatafutia vibarua. Akasafirishwa kwa treni na lori hadi Tanga. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Alikuja Dar es Salaam, akawa kuli bandarini, akapanga chumba Ilala, akaoa, tukazaliwa. Nyumbani alizungumza Kiswahili cha mjini, na habari za Buha, nchi ya Waha, alizigusa kwa nadra, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Tulipomzika ndipo tulipotazamana: hakuna aliyejua jina la mama yake.

Alituachia bahasha ya kaki. Ndugu zangu waliona karatasi chakavu. Mimi, kwa mazoea ya kazi, niliona faili.

Ndani kuna kipande. Vijana wa leo huenda hawajawahi kukiona: ni kadi yenye nafasi 30, kila siku ya kazi ikitiwa alama, na mshahara haukutoka mpaka kadi ijae. Juu kuna namba yake, jina na kabila. Kuna karatasi ya mkataba, na hii ndiyo dhahabu, maana inataja wilaya, kijiji, na jina la mtwale, yaani chifu mdogo, aliyekuwa juu yake. Kuna stakabadhi za kodi ya kichwa, zingine za kwao na zingine za huku pwani. Kuna kadi ya TANU. Nilizipanga kwa miaka, na kwa mara ya kwanza nikaona njia ya baba kutoka wilaya moja hadi nyingine, wapi alilipa kodi lini, na pengo ambalo hakuna karatasi inayolijibu.

Kwa jina nilisumbuka zaidi. Limeandikwa namna tatu. Majina mengi ya Kiha huanza na sauti ambazo karani wa pwani hakuzizoea, naye aliandika alichosikia, au alichoona kinatosha. Kwenye stakabadhi za Dar es Salaam baba tayari ana jina la Kiislamu, na jina la kwao limegeuka kuwa la baba yake, yaani babu yangu amepewa jina la mwanawe. Sasa mtu anayetafuta kwa jina moja atampata nani? Ndiyo maana nasema orodha ya majina isitengenezwe na kompyuta peke yake. Akae mtu anayejua Kiha, mwingine anayejua Kibena, Kinyakyusa, Kingoni, kwa kuwa huko ndiko vibarua wengi walikotoka.

Ndugu Mkurugenzi, nyumba yenu ya Upanga si maskini wa nyaraka. Taifa lilianza kuzikusanya rasmi mwaka 1963, na mafaili ya utawala wa Wajerumani yaliyomo humo yamo tangu 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Vitabu vya wilaya walivyoviandika mabwana shauri wa Kiingereza navyo ni hazina. Lakini tazama walimwandika nani. Kwa ukoo wa mwami mtu anaweza kupanda vizazi vingi juu, nani alimzaa nani na nani alimpindua nani, kwa sababu serikali ilihitaji kujua nani ana haki ya kiti. Raia wa kawaida akaandikwa pale tu alipodaiwa: alipodaiwa kodi, alipodaiwa kazi, alipodaiwa mahakamani. Basi nasaba ya mtoto wa manamba imo kwenye madeni ya baba yake. Ni huko tu pa kuitafutia.

Nilikwenda shambani alikofanya kazi. Silitaji jina, kwani wenye nalo sasa hawakuwapo wakati huo. Kijana wa ofisini alinipokea vizuri, akaniamkia, akanipa kiti, akasikiliza yote. Kisha akasema, "Mama, ungewahi kidogo. Zile daftari za zamani waliuza kwa kilo, watu wa sokoni walifungia karanga." Akanionyesha chumba zilimokuwa. Kwenye rafu ya chini zilibaki chache, zimeshikana kwa unyevu, na nilipoinua moja jalada likabaki mkononi. Zilikuwa na safu: namba, jina, kabila, tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka. Katika safu ya mwisho neno "amefariki" limo mara nyingi kuliko nilivyotazamia. Hao nao wana watu Kasulu, Songea na Njombe ambao mpaka leo wanajua tu kwamba baba au mjomba alikwenda mkonge.

Sasa niguse sheria, kwani najua hoja itakayokuja: hizo ni mali za kampuni binafsi, idara haina mamlaka nazo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mashamba mengi ya mkonge, na yakabaki mikononi mwa umma hadi yalipobinafsishwa miaka ya 1990. Shamba lilipotaifishwa halikuchukuliwa pamoja na mashine ya kusaga majani ya mkonge pekee. Makabati yalikuwamo, na ndani ya makabati daftari. Kwa miaka yote hiyo zilikuwa katika ofisi ya umma, chini ya watumishi wa umma, na baadhi yao walikuwa makarani kama mimi. Kwa hesabu yangu ya masjala, nyaraka iliyowahi kuwa ya umma haiachi kuwa ya umma kwa sababu jengo limeuzwa. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 ndiyo inayowapa kazi ya kuzilinda, na wanasheria wenu watanisahihisha nikiwa nimekosea. Nitafurahi kusahihishwa, mradi wafike kwanza pale shambani waone.

Kuhusu siri za watu, wasiwasi huo ni wa haki, na sasa tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini daftari ninazozisema zina umri wa zaidi ya miaka 60. Kanuni ya miaka 30 ya kufungua nyaraka imekwisha kuzipita mara mbili. Palipo na ugonjwa au kosa la jinai pawekewe uangalizi wake. Jina, kijiji na tarehe ya kufika kazini havimwaibishi mtu.

Bado kuna bibi. Mkonge hauwezi kunipa jina lake, kwa kuwa mkataba ulimwandika mwanamume na mtwale wake tu. Katika kodi ndiyo kabisa: kodi ya kibanda ilihesabu nyumba, hivyo bibi yangu aliingia katika vitabu vya serikali akiwa kibanda. Wanawake wa kizazi chake wanaonekana kwa majina yao mahali pamoja hasa, kwenye kesi. Talaka, mahari iliyodaiwa irudishwe, watoto wa nani, shamba la marehemu liende kwa nani: hayo yalisikilizwa na mabaraza ya wenyeji kabla ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963. Shangazi mmoja wa ukoo, niliyempata Kigoma kwa kuulizia misikitini, alinihakikishia kwamba bibi aliwahi kugombewa mahari barazani. Aliisema kwa aibu. Mimi nusura nipige vigelegele! Kugombewa mahari ni kuwa na jalada. Vitabu vya mabaraza hayo vilivyobaki wilayani, kama vipo kwenye stoo za mahakama au za halmashauri, naomba viingie katika ombi hili hili.

Siombi jengo jipya. Naomba mambo ambayo yangewezekana kwa watu wachache na gari moja: timu izunguke mashamba ya Tanga na Morogoro iandike kilichobaki, kilicho hoi kipigwe picha kabla ya kusogezwa, na uandaliwe mwongozo wa Kiswahili wa kurasa chache unaomwambia mwananchi wa Mbagala au Tandika, aliyeshika kipande cha babu yake, aanzie wapi na aulize nini. Anayetafuta baba yake atambulike kuwa mtafiti kama yule wa chuo kikuu. Pia itengwe siku ambayo familia zitakuja na bahasha zao, karatasi zipigwe picha, na zirudi nazo nyumbani siku ile ile. Mkiwaambia waziache, hawataleta. Nawajua, nami ni mmoja wao.

Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kuleta. Pia niko tayari kujitolea kupanga na kuandika orodha, maana macho bado yanasoma mwandiko wa wino na mikono haijasahau kazi.

Jibu lenu naomba liwe kwa maandishi na liwe na kumbukumbu namba, ili nami nilifungulie jalada.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani mstaafu wa masjala,
Mbagala, Dar es Salaam