Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyonitaka, naleta kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaokwisha. Mafunzo ya kupunguza msongo wa mawazo kwa watu walio chini ya probesheni, yaani waliohukumiwa kubaki nje ya gereza chini ya uangalizi wa afisa, yaliendelea kama mnavyoyafahamu: awamu za wiki 8, kipindi kimoja kila wiki, kwa mfano wa mafunzo ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 kwa wagonjwa kule Massachusetts, Marekani. Kupumua, kukaza misuli na kuilegeza, kunyoosha viungo, kutembea taratibu. Wakufunzi wapya walipata semina yao. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililotugawa, yaani uamuzi wa kamati ya utendaji kutopeleka tena daftari la mahudhurio kwa maafisa wa probesheni. Imesemwa kwamba mwenyekiti aliamua peke yake. Si kweli. Hoja niliileta mimi, na ningeileta tena leo, lakini kamati iliijadili kwa kirefu na muhtasari uko kwa katibu. Mwenye shaka akausome.

Anayekuja kwetu tayari amebeba masharti ya mahakama: kuripoti siku aliyopangiwa, kutohama bila ruhusa, pengine kupimwa mkojo. Akikiuka sharti anaweza kurudishwa mbele ya hakimu na kupewa kifungo alichokuwa ameepushwa nacho. Sasa mwambie mtu huyo ashushe mabega, alegeze taya, atoe pumzi polepole, na hapo hapo mlangoni kuna mwenzetu anaandika jina lake ili afisa alione. Mwili wenye hofu haulegei kwa amri. Moyo unakwenda mbio, misuli inakakamaa, adrenalini, homoni ya hofu, inapanda, na hiyo ndiyo hali tunayotaka ajue kuituliza. Tunamfundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, maana pumzi inayotoka taratibu hupunguza mapigo ya moyo. Zoezi hilo litamfaa nini ikiwa chumba chenyewe kinamtisha? Tena siku akikosa kipindi kwa sababu mtoto anaumwa, nafasi tuliyoacha wazi kwenye daftari letu ingeweza kusomwa kama ukaidi.

Mwanachama mmoja mkongwe, ninayemheshimu sana, alinipinga kwa kumtaja John Augustus, fundi viatu wa Boston ambaye mwaka 1841 alimdhamini mtu aliyeshtakiwa kwa ulevi, na baada ya wiki 3 akarudi naye kwa hakimu kuthibitisha kwamba amebadilika. Probesheni, alisema, ilizaliwa na mtu wa kujitolea aliyetoa taarifa mahakamani. Sisi ni akina nani tukatae? Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu kuliko jingine lolote mwaka huu. Jibu langu ni kwamba Augustus alikuwa mdhamini. Aliipa mahakama neno lake, na yule mtu alilijua hilo tangu mwanzo. Chama hiki hakijamdhamini mtu, kinafundisha. Hata Kanuni za Tokyo, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha mwaka 1990 kuhusu hatua zisizo za kifungo, zinataka faragha ya mhusika na ya familia yake iheshimiwe. Anayemaliza mafunzo tunampa cheti mkononi. Kumwonyesha afisa ni hiari yake.

Hasara ipo. Ofisi moja iliacha kutuelekezea watu na madarasa yakapungua. Lakini waliopo sasa wanazungumza. Ni baada ya daftari kubaki kwetu ndipo baadhi yao waliposema kwamba wakifumba macho wanarudiwa na mambo waliyoyapitia gerezani au utotoni. Tangu hapo hatumwambii mtu afumbe macho. Anayetaka hutazama sakafu, au huketi karibu na mlango. Mabadiliko hayo niliyasimamia mwenyewe, na nayahesabu kuwa kazi kubwa kuliko zote mwaka huu.

Kinachoniuma ni sisi kwa sisi. Mkutano wa kujadili uamuzi huu uliahirishwa kwa kukosa akidi, na waliokuwa wakiulalamikia simuni usiku na mchana hawakuonekana. Ada zimelipwa na chini ya nusu ya wanachama. Wengine wana deni la miaka 2 na bado wanadai haki ya kupiga kura, ambayo katiba haiwapi. Kuna vipindi ambapo washiriki walifika kwa wakati, ingawa hakuna atakayewauliza, na mkufunzi aliyejiandikisha hakutokea. Mimi nilishika nafasi hizo kila nilipoweza. Haipendezi kumfundisha mtu uvumilivu kwa kumweka nje ya mlango uliofungwa.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kufungua darasa la familia za washiriki, kwani msongo hauishii kwa aliyehukumiwa. Tungependa pia kuzungumza upya na ile ofisi iliyojitenga, na kutafuta wakufunzi waliowahi kuwa chini ya probesheni wenyewe. Wenye mapendekezo wayapeleke kwa katibu, na wenye madeni wamwone mweka hazina kabla ya uchaguzi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti