Shangazi, umenificha nusu ya hadithi

Shangazi, shikamoo.

Najua utaanza kwa kulalamika: kwa nini nikuandikie hapa mbele za watu badala ya kukupigia simu? Nimekupigia. Ulipokea ukasema unasikiliza taarifa ya habari, nipige kesho. Kesho yake ukanitumia picha ya waridi imeandikwa Ijumaa Karim. Kwa hiyo nimeandika, na nimeshamwambia mjukuu wako akusomee mpaka mwisho, asiruke mstari.

Nilikuwa Kilindoni, kisiwani Mafia, kwa semina ya siku 4. Ijumaa ikaisha, chombo cha kurudi bara, Nyamisati, ni Jumapili, Jumamosi ikabaki haina mwenyewe. Wenzangu wakachangishana kukodi boti wakamtazame papa potwe. Mimi nikasema nakwenda Kua, kule kisiwa cha Juani. Mmoja akauliza, Kua kuna nini? Nikamjibu kama ulivyokuwa ukitujibu wewe: kuna watu waliofungiwa ndani.

Unakumbuka? Umeme ukikatika pale Mbagala unatukusanya mkekani, kibatari katikati. Watu wa Kua waliwaalika watu wetu, watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia, waje harusini. Wakawakaribisha kwenye chumba kilicho chini ya ardhi, wakawalisha, wakawapigia ngoma. Kisha wenyeji wakaanza kutoka mmoja mmoja. Huyu anakwenda kuteka maji, huyu ameitwa na mkewe, huyu anatazama sufuria. Akabaki mzee mmoja tu, anawazungumzisha wageni, anawachekesha, na huku nyuma waashi wanaziba mlango kwa mawe na chokaa. Hapo ndipo ulipokuwa ukizima kibatari. Nimekua nikiwachukia watu wa Kua, Shangazi, na mji wenyewe ulishakufa kabla babu yake babu hajatahiriwa.

Basi nikapanda bodaboda asubuhi mpaka Utende. Lami tupu, minazi huku na mikorosho kule. Dereva akaniuliza, "Peke yako?" Nikasema ndiyo. Utende mwenye mashua akaniuliza, "Mwenzio anakuja nyuma?" Nikasema sina mwenzangu. Kisiwani Chole, mama wa vitumbua akaniuliza kwa huruma kabisa kama nimefiwa. Mwanamke kutembea peke yake kisiwani bila jeneza wala mtoto mgonjwa ni jambo linalohitaji maelezo. Kufika saa nne nilishapata jibu: "Nimetumwa na shangazi yangu." Wote walilielewa papo hapo.

Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka vyombo vimelala ubavu. Kua kwa chombo huendi maji yakiwa kavu, lazima yajae, na kujaa kwenyewe ni jioni. Nikawa na saa nne nzima za kukaa Chole bila kazi. Wewe ungekasirika. Mimi nilizunguka.

Chole haina gari. Ina njia za mchanga, michungwa, na ukuta wa boma uliokumbatiwa na mizizi mpaka hujui kipi kimeshika kipi. Pale ndipo palipokuwa makao ya serikali. Liwali wa Sultani wa Zanzibar alikaa hapo, na Wajerumani walipokitwaa kisiwa mwaka 1890 nao wakakaa hapo hapo, wakaweka na jela. Mwaka 1913 wakahamia Kilindoni, kwenye maji marefu ya kutosha meli zao, na mji ukabaki na popo. (Wale wa Masaki wanaopanga nyumba Barabara ya Chole sijui kama kuna anayejua jina hilo limetoka wapi.)

Popo wenyewe ulisema kweli, ni wakubwa. Wananing'inia mchana kweupe kwenye mti kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, wanagombana, wanajipepea kwa bawa moja. Ni popo wa matunda, jamaa zao wako Komoro. Nilikaa chini ya mti ule kwa muda, mpaka mmoja akanikojolea kwenye ushungi.

Upande wa pili nikamkuta fundi anaunda mashua. Mkuku ulishalazwa, mataruma yamesimama kama mbavu za ng'ombe, na kijana wake anagonga kalafati: pamba iliyosokotwa inashindiliwa kwenye maungo ya mbao kwa patasi butu, taratibu, uzi baada ya uzi. Hawana mchoro. Nikamuuliza anajuaje upana wa tumbo la chombo. Akanitazama kama niliyeuliza mama anajuaje chumvi ya mchuzi.

Saa nane maji yakarudi, na nahodha wangu naye. Mzee wa Juani, mwembamba, kofia imefifia, anaongea bila kutazama mtu. Akanitajia bei ya mgeni. Nikamwambia mimi si mgeni, babu yangu wa upande wa Kisimani. Hapo ndipo akanitazama. Akashusha bei nusu, akasema, "Basi leo usiingie chumba chochote nitakachokuonyesha."

Alicheka peke yake njia nzima, Shangazi. Tunapita kati ya mikoko, maji ya kijani, kimya mpaka unasikia kaa wakikwaruza kwenye tope, na yeye kila baada ya muda mabega yanamtikisika.

Kua hakuna mtu. Hakuna kibanda cha soda, hakuna redio, hakuna hata mbuzi. Unashuka, unapanda kidogo, halafu kuta zinaanza kujitokeza msituni moja baada ya nyingine, na mibuyu mikubwa katikati yake. Nyumba ya mfalme ilikuwa ya ghorofa, matundu ya boriti bado yapo ukutani, yamejipanga mstari. Kuna misikiti kadhaa. Katika mmoja mihrabu imesimama, paa ni majani, na chini kuna mtu ameacha chupa ndogo ya marashi, tupu. Nikauliza nani. Mzee akasema, "Mwenye haja."

Nikaomba anionyeshe chumba. Akanyoosha kidevu upande wa kasri, akasema huko chini, wala hakusogea hatua. Badala yake akakaa juu ya ukuta uliobomoka na kuniuliza: "Shangazi yako alikwambia kwa nini?"

Kwa nini nini?

"Kwa nini tuliwafungia."

Nikanyamaza. Shangazi, miaka yote ile, vibatari vyote vile, hukuwahi kusema kwa nini. Na mimi sikuwahi kuuliza, nilijua tu kwamba wabaya huwa wabaya.

Akanisimulia. Watu wa Kisimani waliunda jahazi kubwa. Siku ya kulishua wakawaalika watu wa Kua waje kwenye sherehe, nao wakaja na watoto wao. Jahazi lilipokuwa tayari kuteremka, watu wetu wakawakamata wale watoto, wakawalaza mchangani mahali pa magogo, na chombo kikateremshwa majini juu ya miili yao. Watu wa Kua wakarudi kwao kimya. Miaka ikapita. Ndipo ikaja harusi.

"Yule mzee aliyebaki chumbani na wageni," akasema, "kwenu anaitwa nani?" Nikasema hana jina, ni mzee tu. "Kwetu pia. Lakini kwetu ni babu wa watoto wale."

Sijui kama hiyo ya mwisho imo katika hadithi tangu zamani au aliiongeza yeye pale pale juu ya ukuta. Sikumuuliza. Nilitazama mikono yake, ilikuwa imeshika fundo la kamba na haifanyi kitu.

Nikataka kumtetea mtu, nikakosa wa kumtetea. Nikasema Kisimani yenyewe imeliwa na bahari, misikiti yake imezama. Akakubali kwa kichwa. Na Kua, akasema, ilivamiwa na Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, walikuja na mitumbwi mingi, wakachoma, wakachukua watu utumwani, waliobaki wakatawanyika. Alilisema hilo haraka haraka, kama mtu anayetaja deni lililokwisha kulipwa. Watoto na harusi, yaani mambo ya ndani kwa ndani, ndiyo aliyoyasimulia kwa kituo.

Halafu akachuma ubuyu, tukaumung'unya, tukaondoka kabla maji hayajaanza kutoka.

Sasa hesabu yako. Uliniagiza pweza mkavu. Hakuna pweza, mwamba umefungwa kwa miezi kadhaa ili wakue, na wanawake wa Juani wanaulinda wenyewe. Nilipomwomba mmoja aniuzie hata wa zamani aliyeanikwa, alinijibu kwa jicho tu. Nimekuletea mkeka wa ukili, rangi ya zambarau na kijani, umepungua shubiri moja upande mmoja kwa sababu msukaji aliitwa kupika. Nilimwambia utaupenda hivyo hivyo.

Nilipovuka kurudi Utende jua lilikuwa linazama, popo wakaanza kutoka Chole, mmoja mmoja, kisha kundi zima, wanavuka maji kama sisi kwenda kutafuta maembe ya watu. Mzee akaziba pua, akasema wanachafua.

Alipofunga kamba ndipo akatoa ujumbe wake. Mjukuu wake wa kike anaolewa Juani, Mfunguo Mosi, Mungu akipenda. Anakualika wewe, rasmi, na watu wote wa Kisimani unaoweza kuwakusanya. Wali utakuwepo, na ngoma.

Nimekukubalia. Nyumba itakayokalisha wageni nimeiona nilipopita Juani kutafuta pweza. Ni ya makuti, iko juu ya ardhi, ina milango miwili, na yote nimeisukuma kwa mkono wangu. Inafunguka.