Ami, kura yangu sikuitupa baharini

Assalaam aleikum Ami,

Nimekupigia simu mara nne tangu Mahakama ya Juu itoe uamuzi wa kesi ya urais tarehe 5 Septemba 2022 na hushiki. Mama akikupigia unamjibu salamu tu basi unakata. Sa nimeona niandike hapa, manake najua binamu zangu watakusomea, na najua pia si mimi peke yangu niliyenuniwa nyumbani kwa sababu ya kura.

Siku ile pale uwanja wa Mkunguni, hapa Lamu, uliniuliza mbele ya watu nilimpa nani urais, nikakwambia ukweli, Wajackoyah, yule mgombea wa chama cha Roots. Ukaweka kikombe cha kahawa chini hujakimaliza, ukasema "basi wewe ndo umetuangusha, kura umeitupa baharini", ukainuka ukenda zako. Kile kikombe kilibaki pale barazani mpaka muuza kahawa akaja kukitwaa, na mimi sikuweza kusema neno. Leo nasema.

Hilo la kuwaangusha kwanza. Wajackoyah alipata kura 61,969 nchi nzima, hata nusu asilimia haikufika, na Ruto alimpita Baba, Raila wenu, kwa kura 233,000 na kitu. Hata sote tungempa Baba, pengo lisingezibika. Waliojiandikisha walizidi milioni 22 na karibu milioni 8 hawakutoka kabisa, wawili kati yao ni vijana wa nyumba yako Ami, mbona hao unakula nao?

2017 nilikusikiza. Ilikuwa kura yangu ya kwanza, nikampigia Baba kama ulivyotaka, mahakama ikafuta uchaguzi tarehe 1 Septemba tukalia kwa furaha mimi na wewe, ya marudio tukaambiwa tusiende na hatukwenda, halafu Machi 2018 nafungua simu naona Baba na Uhuru wanashikana mikono mlangoni pa Harambee House. Tangu siku ile kuna kitu kilinitoka moyoni. Wewe husema Ruto, huyo hasla, si mgeni, alikuwa naibu wa rais karibu miaka kumi, hayo maneno nakubali yote, lakini na huyu Raila wetu si aliungwa mkono na Uhuru, rais yule yule aliyekuwa ofisini? Wote wawili walikuwa ndani ya nyumba wanagombania funguo, sisi tuko nje tumesimama juani.

Na hapa kwetu unajua wazi. Bandari ya Lamu pale Kililana imefunguliwa Mei 2021, meli ikaja, picha zikapigwa, babangu mzazi alikuwa anatizama tu. Pale walipochimba bahari ndipo alipokuwa akitega samaki. 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya hiyo bandari, nikamshika baba mkono siku ile nikidhani mambo yamekwisha, na tangu hapo nimekwenda naye ofisi hii na ile na bahasha yake ya kaki yenye kopi za kitambulisho, bahasha imechanika pembeni kaishona kwa uzi wa nyavu. Kila kampeni wanakuja wa pande zote mbili wanaahidi hiyo hiyo pesa. Nimechoka kuahidiwa haki ya babangu kama sadaka.

Bangi. Najua hilo ndo lililokuuma zaidi, ukamwambia mama nimeacha dini. Wallahi Ami sikupiga kura kwa sababu ya bangi, mimi nimebeba jeneza la rafiki yangu aliyemalizwa na unga wa kulevya, nitatakaje vijana walewe? Hiyo sera ya Wajackoyah ya kupanda bangi ikauzwe nje ilipe madeni sikuipenda, nasema wazi. Nilimpenda kwa kuwa alishalala barabarani akiwa mtoto, akachimba makaburi Uingereza akisoma sheria, hana ukoo wa kumbeba. Na usiku wa mdahalo ule wa Julai alikataa kupanda jukwaani kama wagombea wote wanne hawawekwi pamoja, nikasema huyu angalau anajua uchungu wa kutengwa pembeni.

Siku za mwisho yeye na mgombea mwenza wake, Justina Wamae, wakaanza kuvutana hadharani na iliniuma sana, nilitaka hata nisiende. Lakini asubuhi ya tarehe 9 Agosti nikapanga foleni, nikapewa karatasi sita, tano nikazipiga haraka, ile ya urais nikakaa nayo mpaka karani akaniita. Nilikuona wewe machoni, wallahi. Halafu nikamuona baba na ile bahasha.

Mimi bado ni mtoto wako, wewe ndo ulonifunza kusoma gazeti. Maulidi yanakaribia, mama anauliza utalala kwetu kama kila mwaka ama utashukia kwengine, chumba cha juu ameshakipiga chokaa. Shika simu Ami.